Lita 210 kwa rodi moja: kisa cha kutoboa chini ya barabara kuu, Tabora

Majina ya watu, ya kampuni na ya mtaa nimeyaondoa, na alama ambazo zingemtambulisha mteja nimezibadilisha. Vipimo vya kazi nimeviacha kama vilivyoandikwa kwenye daftari la saiti, kwa sababu bila hivyo kisa hakimfundishi mtu kitu. Mimi nilikuwa msimamizi wa kazi upande wa mkandarasi wa umeme. Mashine ya kutoboa ilikuwa ya mkandarasi mdogo, aliyekuja na opereta wake, mshika kipokezi na vibarua wanne.

## Mahali na kazi yenyewe

Mteja alikuwa na ghala la asali na nta pembezoni mwa mji. Alikuwa amenunua mitambo ya kuchuja na kufungasha, na chumba cha joto cha kulainishia asali iliyoganda, na laini yake ya zamani isingebeba mzigo huo. Transfoma mpya ya kVA 200 ilisimikwa upande wa pili wa barabara kuu, kwa kuwa ndiko laini ya msongo wa kati inakopita. Sisi tulipewa kazi ya kuvusha umeme wa volti 400 kutoka kwenye transfoma hadi kwenye ubao mkuu wa swichi wa ghala.

Transfoma ya ukubwa huo ikibeba mzigo wake wote inatoa karibu ampea 289. Kebo iliyochaguliwa ilikuwa ya shaba, nyaya nne za milimita mraba 185, yenye deraya (gamba la nyaya za chuma la kuilinda), unene wa nje karibu milimita 60. Ingepita ndani ya bomba jeusi la plastiki gumu la milimita 110, ambalo kuta zake za milimita 10 zinaacha uwazi wa milimita 90. Tuliamua kuvuta mabomba mawili kwa pamoja: moja la kebo, jingine la akiba. Bomba la akiba siku ya kuvuta ni gharama ndogo. Likihitajika miaka mitano baadaye, ni kazi nyingine nzima.

Njia za kuvuka zilikuwa tatu. Nguzo na waya wa juu ndiyo iliyokuwa nafuu kuliko zote, lakini pande zote mbili za barabara zimesimama miembe mikubwa ambayo matawi yake yamekutana juu ya lami, na wakazi hawakutaka kusikia habari ya kuikata. Niliwaelewa. Mji wa Tabora bila miembe yake hauna kivuli. Njia ya pili ilikuwa kukata lami na kuchimba mtaro, na hiyo mwenye barabara aliikataa moja kwa moja, kwa kuwa lami ilikuwa bado mpya. Ikabaki ya tatu: kutoboa chini kwa mashine inayoongozwa kutoka juu. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, kwa hiyo urefu wote kutoka shimo la kuingilia hadi la kutokea ulikuwa mita 62, sawa na rodi 21, yaani vyuma virefu vya mashine, za mita tatu tatu.

Ilikuwa mwisho wa Oktoba. Mvua za Tabora huanza Novemba, na kila mtu pale saiti alikuwa akitazama mawingu.

## Jinsi mashine inavyokwenda inakotakiwa

Kwa ambaye hajaiona: mashine inalazwa kwa mteremko na kufungwa ardhini kwa nanga za skrubu. Inasukuma rodi ndefu za chuma zinazoungana moja baada ya nyingine. Mbele kuna kichwa chenye uso uliokatwa mshazari. Ukikisukuma huku kinazunguka, kinakwenda moja kwa moja. Ukikizuia kuzunguka na kukisukuma tu, ule mshazari unakipeleka upande ulikoelekea. Nyuma ya kichwa kuna kisambaza mawimbi chenye betri, na juu ya ardhi mtu anatembea na kipokezi kinachomwonyesha kina, mteremko wa kichwa kwa asilimia, na uso umeelekea wapi, kama mshale wa saa ya ukutani. Kichwa kikitokea upande wa pili kinafunguliwa, kinafungwa kipanuzi, kisha kinavutwa kurudi kwenye mashine huku kikitanua tundu. Mwisho yanavutwa mabomba.

Wakati wote huo linapigwa tope jembamba la bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi unaovimba ukitiwa maji, kupitia ndani ya rodi. Tope hilo linapoza kichwa, linashikilia kuta za tundu zisiporomoke, na zaidi ya yote linabeba udongo uliochimbwa kuutoa nje. Hiyo kazi ya tatu ndiyo iliyotuangusha.

## Siku ya kwanza: kufukua kwa mkono

Tulikuwa na mchoro wa bomba kuu la maji linalokwenda sambamba na barabara upande wa transfoma. Mchoro ulisema sentimita 90. Vilevile nguzo fupi za alama zilionyesha kwamba mkongo wa mawasiliano unapita hapo karibu. Sikuruhusu mashine ishushwe kwenye lori mpaka vyote viwili vionekane kwa macho. Mkongo uliomo ndani ya bomba la plastiki bila waya wa chuma hauonekani kwa kifaa cha kutafutia kebo, hivyo hapakuwa na njia nyingine isipokuwa sururu, beleshi na subira.

Mkongo tulikutana nao kwenye mita 1.1. Bomba la maji halikuwa kwenye sentimita 90. Mgongo wake ulikuwa mita 1.4 chini, na lenyewe lilikuwa nene la milimita 200, kwa hiyo tumbo lake lilifika mita 1.6. Mpango wetu wa awali ulikuwa kupitisha katikati ya tundu kwenye mita 2.1. Tundu likishatanuliwa hadi milimita 350, mgongo wake ungekuwa mita 1.925 chini: sentimita 32 tu kutoka kwenye bomba linalohudumia nusu ya mtaa. Tukashusha njia hadi mita 2.4 mahali hapo, na kupata nafasi ya zaidi ya sentimita 60.

Kushusha njia kuna gharama yake. Rodi zetu tulizipinda si zaidi ya asilimia saba kwa kila moja, ili zisichoke. Ukiingia kwa mteremko wa asilimia 20, unahitaji rodi tatu kunyooka hadi usawa, na rodi hizo tatu zinakushusha sentimita 90. Ili kufika mita 2.4 lazima kwanza ushuke mita 1.5 moja kwa moja, yaani mita saba na nusu. Jumla ni kama mita 17 kutoka shimo la kuingilia hadi kwenye bomba. Tukairudisha mashine nyuma hadi karibu na uzio.

Hapo ndipo alipotujia bibi mmoja anayeuza maembe chini ya mti. Tulimwamkia, akatuuliza tunaleta nini, tukamweleza. Akatazama mahali vijana walipokuwa wakipima nanga, akasema: "Wajukuu zangu, hapo marehemu mzee wangu alivuta bomba la maji kwenda nyumbani. Hakuliandikisha popote."

Tulifukua. Kwenye sentimita 40 tukaliona, bomba la plastiki la robo tatu, limeungwa kwa kipande cha mpira kilichofungwa waya. Nanga za mashine zinashuka karibu mita moja. Moja ilikuwa imepangiwa kukaa juu yake kabisa. Tuliisogeza mashine sentimita 70 kushoto, na bibi akaendelea kuchota maji yake.

## Siku ya pili: tundu la kwanza, na saa mbili tofauti

Asubuhi boza lilileta lita 10,000. Maji yalitoka kwenye kisima kirefu na yalikuwa magumu. Tulipochanganya mafungu mawili ya lita 1,000, kila moja na mfuko wa kilo 25 wa bentonaiti, tope halikuvimba. Kipimo cha faneli, yaani muda ambao kiasi maalumu cha tope kinachukua kupita kwenye faneli (tope zito huchukua muda zaidi), kilitoa sekunde 31. Maji matupu ni sekunde 26, kwa hiyo tulikuwa na maji yenye rangi tu. Tukayamwaga kwenye shimo la taka. Mafungu yaliyofuata tulitia magadi soda kwanza kulainisha maji, tukasubiri, ndipo tukaweka bentonaiti, tukapata sekunde 45. Kwa mchanga ule mwekundu wa Tabora hiyo inatosha. Lakini lita 2,000 zilikuwa zimekwenda, na hakuna aliyeziandika pembeni kama pengo.

Rodi kumi za kwanza zilikwenda vizuri mno. Tulipita chini ya mkongo na bomba la maji, tukaingia chini ya lami tukiwa kwenye mita 2.3. Kuanzia rodi ya 11 sauti ya mashine ilibadilika. Tulikuwa tumeingia kwenye changarawe nyekundu iliyoshikana, ile ambayo watu wa huku wanaijua kwa jinsi inavyorudisha sururu. Kichwa kikaanza kupanda: asilimia nne.

Sasa nieleze jambo ambalo sijawahi kulisoma mahali popote, na ambalo naamini limetokea kwenye saiti nyingi zaidi ya yetu. Kioo kidogo cha kwenye mashine, kinachomwonyesha opereta kile anachokiona mshika kipokezi, kilikuwa kimekufa tangu asubuhi. Walikuwa wakielekezana kwa sauti. Kichwa kilipopanda, mshika kipokezi aliona kinatakiwa kisukumwe uso ukiwa umeelekea chini, mahali penye namba sita kwenye uso wa saa. Akapaza sauti: "Saa sita! Sukuma!"

Opereta ni mtu wa pwani, na saa yake ni ya Kiswahili. Saa sita kwake ni adhuhuri, mishale yote miwili ikitazama juu. Akageuza uso juu, akasukuma.

Rodi ya 12 ikatoka na asilimia saba. Mshika kipokezi akadhani changarawe ndiyo inayokataa. Akarudia neno lile lile, kwa sauti kubwa zaidi. Rodi ya 13 ikatoka na asilimia tisa. Ni mimi niliyesimama katikati yao, nikamwona opereta ananyanyua kidole gumba juu, na mwenzake huku akipiga kiganja chini kuelekea ardhini. Nilisimamisha kazi.

Katika rodi tatu tulikuwa tumepanda sentimita 60: sentimita 12, kisha 21, kisha 27. Kichwa kilikuwa mita 1.7 chini ya usawa wa barabara.

## Uamuzi wa jioni ile

Tulikuwa na mawili. La kwanza lilikuwa kurudisha rodi tatu nyuma na kujaribu kuchonga njia mpya ya chini. Opereta alisema wazi kwamba kwenye changarawe kichwa kitapenda kurudi kwenye tundu kililokwisha kulitoboa, na tungepoteza nusu siku na lita zisizopungua elfu moja za tope. La pili lilikuwa kuendelea kutoka hapo, kwa hoja kwamba mita 1.7 bado ni kina kizuri, kwamba lami tumeshaivuka, na kwamba tulikuwa tunaelekea kupanda vilevile.

Nilichagua la pili. Nilipiga hesabu kwa kutumia kina kutoka usawa wa barabara, na huko ndiko nilikokosea. Rodi ya 13 inaishia mita 39 kutoka mwanzo, na hapo hapo ndipo ulipo mtaro wa maji ya mvua, wenye kina cha sentimita 60. Kutoka sakafu ya mtaro hadi kichwa zilibaki mita 1.1 tu, za udongo uliolainishwa na maji ya misimu yote iliyopita. Nilikuwa nimeuruka mtaro ule kwa miguu yangu mara ishirini siku ile.

Kuanzia rodi ya 14 maneno yalikuwa manne tu: juu, chini, kushoto, kulia. Tukatokea upande wa ghala sentimita 30 kutoka mahali palipokusudiwa.

## Siku ya tatu: kutanua

Kipanuzi cha milimita 350 kilifungwa saa tatu asubuhi. Kabla ya hapo nilikuwa nimeandika kwenye ubao wa mashine hesabu ifuatayo. Tundu la kipenyo hicho lina udongo wa lita 289 katika kila rodi ya mita tatu. Ili udongo utoke ukielea, kwa mchanga tunataka tope angalau mara mbili ya udongo, yaani lita 580. Pampu yetu ilikuwa ikitoa lita 70 kwa dakika. Kwa hiyo rodi moja haipaswi kuvutwa chini ya dakika nane, na rodi 21 zingechukua karibu saa tatu na lita 12,000 na ushei.

Rodi saba za kwanza zilivutwa kwa dakika nane na ushei kila moja. Tope lilikuwa likirudi kwenye shimo la kutokea, zito, jekundu, limebeba changarawe ndogo ndogo. Ukitumbukiza mkono unasikia kabisa kwamba udongo unatoka.

Lakini boza la pili lililotakiwa kufika saa nne halikufika. Kwenye tangi tulikuwa tumebakiwa na lita 2,140: kumi elfu, ukitoa elfu mbili tulizomwaga, 1,800 za tundu la kwanza, na 4,060 za rodi saba. Zilibaki rodi 14, ambazo kwa mwendo ule zilihitaji zaidi ya lita 8,000.

Opereta aliogopa kusimama. Kila mtu wa kazi hii amewahi kusikia habari ya kipanuzi kilichoachwa ndani, mchanga ukakishukia, kisivutike tena. Akaniambia, "Kaka, nikisimama hapa tunazika kipanuzi. Acha nivute haraka, boza litatukuta njiani." Nikakubali. Akashusha muda hadi dakika tatu kwa rodi.

Dakika tatu ni lita 210. Tulikuwa tunaingiza lita 210 za tope mahali penye lita 289 za udongo. Kinachotengenezwa humo ndani ni uji mkavu unaojaza tundu nyuma na mbele ya kipanuzi, hauna pa kwenda, huku pampu inaendelea kusukuma na mashine inaendelea kuvuta.

Tulivuta rodi mbili namna hiyo. Zilikuwa ya 14 na ya 13.

Kibarua aliyekuwa upande wa ghala ndiye aliyeona kwanza. Sakafu ya mtaro ilipasuka ufa mwembamba kama wa kwenye chungu, na tope la kijivu likaanza kutoka kwa upole, bila kelele, likitambaa kufuata mteremko. Nilipofika nikatazama bega la barabara. Lilikuwa limeinuka. Tuliweka ubao ulionyooka juu yake, tukapima: sentimita nne, kwa urefu wa karibu mita mbili, na kwenye ukingo wa lami ufa wa unene wa uzi, urefu wa mita moja na nusu.

Pampu ikazimwa hapo hapo. Tulipanga mifuko ya mchanga kwenye mtaro, kwa sababu mtaro ule unateremka hadi kwenye bustani za mchicha bondeni. Bentonaiti ni udongo wa mfinyanzi na haina sumu, lakini ikiingia kwenye kisima kidogo cha kumwagilia inakiziba na kuua viumbe wa majini. Vijana walichota tope kwa ndoo, ndoo baada ya ndoo, wakalirudisha kwenye shimo la taka. Wawili wakasimama na bendera kupunguza mwendo wa magari. Nilimpigia simu mwenye barabara kabla hajaambiwa na mtu mwingine, nikamtumia picha zenye ubao na futi.

Boza lilifika saa moja na dakika ishirini baada ya sisi kuamua kuharakisha.

## Kumaliza

Kipanuzi hakikuzikwa. Baada ya kuchanganya tope jipya la sekunde 50, tulikirudisha nyuma rodi mbili tukizungusha taratibu, tukasafisha, kisha tukapita tena sehemu ile kwa dakika kumi kila rodi. Tope lilirudi upande wa ghala kama mwanzo. Pale kwenye mtaro hakikutoka kitu tena.

Siku ya nne tulivuta mabomba yote mawili. Yalikuwa yamechomelewa kwa sahani ya moto siku moja kabla, yakafungwa kwenye kiungo kinachozunguka ili mzunguko wa rodi usiyasokote. Kuvuta kulichukua saa mbili bila tatizo. Tuliacha mita mbili za ziada kila upande usiku ule bila kuzikata, maana bomba la aina hii likivutwa linarefuka, na usiku linajirudi taratibu.

Kesho yake tukapitisha gogo la kupimia la milimita 75. Bomba la kebo lilikuwa safi. Bomba la akiba liligoma kwenye mita 41. Kichwa chake cha kuvutia hakikuwa kimechomelewa kifuniko. Fundi alikiziba kwa nailoni na utepe, kwa kuwa "hili la akiba tu". Utepe uling'oka ndani ya tundu, tope likaingia. Tulishinda siku nzima tukilisukuma kwa maji ya msukumo kutoka pande zote mbili mpaka likafunguka. Lingeachwa likauke, lingekuwa jiwe.

Kebo ilivutwa siku ya sita, ikapimwa insulesheni kwa mega ya volti 1,000, ikaungwa. Siku tulizokuwa tumeahidi zilikuwa nne. Mwenye barabara alitutaka tukate kipande cha bega na ukingo wa lami, tujaze upya kwa tabaka na kushindilia, kwa gharama yetu. Tulifanya hivyo kabla ya mvua.

## Kilichofanya kazi

Kufukua kwa mkono kulituokoa mara mbili kwa siku moja. Kama tungeuamini mchoro, mita 2.1 ingeonekana iko mbali sana na bomba la maji. Lile bomba la bibi halipo kwenye mchoro wowote na lisingekuwapo kamwe. Siku hizi kabla ya kusimika nanga ninazunguka nyumba na meza zote za biashara zilizo karibu, naamkia, na kuuliza swali moja: nani amewahi kuchimba hapa? Wazee wanakumbuka hata mwaka.

Kusimama papo hapo tope lilipoonekana nako kulisaidia. Rodi moja zaidi kwa mwendo ule, na kipanuzi kingekuwa chini ya lami yenyewe.

## Kilichoshindwa, na kwa nini

Ukiniuliza chanzo, sitaanza na boza. Boza kuchelewa Tabora mwezi wa kumi ni jambo la kutarajia: ni mwisho wa kiangazi, na kila mjenzi mjini anataka maji. Hesabu ya maji ilionyesha lita 12,000 za kutanua, 1,800 za tundu la kwanza, na kiasi cha kuvutia mabomba. Nilianza na lita 10,000 na ahadi. Kipanuzi hakitakiwi kuingia ardhini kabla maji yote ya kutanua hayajakaa kwenye matangi pale pale saiti, yakiwa yamepimwa ugumu. Kukodi tangi la lita 10,000 kwa siku tatu ni sehemu ndogo sana ya fedha tulizolipa kwenye bega la barabara.

Hofu ya opereta ilikuwa ya kweli, ila dawa yake haikuwa kuharakisha. Bentonaiti iliyovimba vizuri ikitulia inaganda kama uji na kushikilia mchanga usizame. Ndiyo maana tunahangaika na faneli na magadi. Lita 2,140 zilitosha kabisa kukaa: kuzungusha kipanuzi bila kuvuta, kupiga lita hamsini kila robo saa, na kusubiri. Kwa saa moja na dakika ishirini tungetumia kama lita 300. Hesabu hii ningeweza kuifanya palepale kwenye ubao, maana namba zote zilikuwa zimeandikwa mbele yangu. Nilimsikiliza mtu mwenye uzoefu akiwa na wasiwasi, nikauchukua wasiwasi wake badala ya kumpa hesabu.

Kina nacho tulikipima kutoka mahali pasipofaa. Tope halijui usawa wa barabara, linatafuta mahali paliponyong'onyea. Mchoro wetu wa njia ulikuwa na mstari mmoja ulionyooka juu, ukiitwa ardhi. Mchoro ninaotumia sasa una sakafu ya kila mtaro na kila shimo, na kina kinaandikwa kutoka hapo.

Ile habari ya saa sita, tulicheka baadaye wote watatu, lakini sentimita 48 kati ya zile 60 zilitokana nayo. Mtu anayefundishwa kipokezi anafundishwa namba za kwenye kioo. Anayeishi kwa Kiswahili anasikia saa. Kumi na mbili ya kwenye kioo ni saa sita yetu, na sita ya kwenye kioo ni saa kumi na mbili yetu, kinyume kabisa, juu na chini. Kioo cha mashine kikifa, kazi isimame mpaka kipone, au vijana wakubaliane maneno manne kabla ya rodi ya kwanza.

Mwezi wa nne, mvua zilipokwisha, nilirudi na ule ubao. Lami ilikuwa imelala sawa. Bega lilikuwa sawa. Sakafu ya mtaro ilikuwa imeshuka sentimita moja na nusu juu ya njia yetu, tukaijaza mawe na kuipiga saruji siku hiyo hiyo. Nakala ya mchoro wa mwisho, wenye kina halisi cha kila rodi, ilikuwa imeshapelekwa kwa mwenye barabara, kwa watu wa maji na kwa mteja. Humo kuna mstari mwembamba wa bluu unaotoka kwenye mwembe hadi nyumbani kwa bibi, umeandikwa sentimita 40.